Samaki Aliyeiva kwa Ndimu

Mtu akitaka kunitania aseme chochote kuhusu umri wangu, sura yangu, hata ng'ombe wangu aliyekonda, nitacheka naye. Jiko langu aliache. Ndiyo maana siku ile Daktari Arisara aliponiambia kwa sauti yake ya upole kwamba watu wa kijiji chetu hawasemi ukweli kuhusu wanachokula, nilihisi masikio yanapata moto.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa hekalu. Mwezi wa nne ule, joto la kabla ya mvua, na watu wa chuo kikuu walikuwa wametandaza vitu vyao chini ya sanamu: mashine ya ultrasaundi ya kupigia picha za tumbo, kitanda cha kukunja, na feni mbili zilizokuwa zikisukuma joto kutoka pembe hii kwenda ile. Utafiti wao ulihusu ini na mirija ya nyongo. Huku kwetu, mashambani mwa mto Chi, kansa ya mirija ile inaua watu kuliko mahali pengine popote duniani, na hilo si jambo la kuambiwa na daktari. Kila nyumba ina picha ya mtu ukutani.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, nina koti langu la kijivu na kofia. Daktari alinipa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza swali walilokuja nalo: "Je, huwa unakula samaki ambaye hajaiva?" Nikapita jua kali, mbwa wananibwekea, na kila nyumba walinijibu hapana.

"Mama Nuankham," Daktari Arisara akaniambia, "karibu kila mtu hapa amesema hali samaki ambaye hajaiva. Lakini tumepima choo chao. Nusu yao wana mayai ya minyoo ya ini. Mnyoo huyo haletwi na upepo. Anaingia kwa samaki mbichi."

"Kwa hiyo sisi waongo."

"Sijasema hivyo. Labda wanaona aibu."

"Mwanangu, kijiji hiki kina walevi, kina wambeya, kina mtu aliyewahi kuuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili. Wa kuona aibu kwa chakula chake hajazaliwa."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Alikuwa binti wa mjini, mwembamba, anaongea kile Kithai safi cha mji mkuu, na alikuwa amechoka. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, ila siku ile sikumpenda.

Halafu mimi nilikuwa na langu moyoni, nalo ni mume wangu. Bunpheng alimpoteza kaka yake, Bunma, miaka miwili iliyopita. Bunma alianza kuwashwa mwili, macho yakawa manjano, tumbo likajaa, na hospitali walipompasua wakakuta hakuna tena cha kuokoa. Bunpheng alirudi kutoka kwenye moto wa maiti akasema daktari hatamgusa maisha yake yote. Kichwani mwake kisu ndicho kilichomuua kaka yake. Na mimi nilikuwa nimeanza kumwona, akidhani simwoni, anavyoshika ubavu wa kulia akiinuka mkekani.

Nilitaka alale kwenye kile kitanda cha kukunja. Nilitaka kuliko nilivyotaka mvua. Lakini utafiti ule ulikuwa unapiga picha watu waliovuka arobaini ambao wamewahi kula samaki mbichi au wamekutwa na minyoo. Choo chake Bunpheng alikataa kukitoa, alisema si zawadi. Na kuhusu samaki alikuwa na jibu lake tayari: "Mimi mbichi sili. Muulizeni mke wangu." Wakaniuliza, mbele ya watu. Nikasema kweli tupu kama nilivyoijua: "Hali. Kwangu samaki anaiva." Mlango nilioutaka ufunguke nikaufunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningeweza kudanganya ili apite, najua. Lakini kusimama mbele ya majirani niseme mimi Nuankham namlisha mume wangu samaki mbichi, kama paka? Ulimi ulikataa.

Basi nikamwambia daktari, "Kesho mchana njoo kwangu. Utaona samaki wa Nuankham anavyoiva. Ukishashiba utaniomba radhi."

"Nitakuja," akasema. "Na radhi nitaomba nikikosea."

Kesho yake Bunpheng alirudi kutoka bwawani na samaki wadogo wa fedha, wazima bado, wanarukaruka ndani ya ndoo. Nikakaa na ubao wangu. Kisu kilipoanza kugonga tu, Khamsao akatokea. Huyu ni rafiki wa mume wangu tangu wakichunga ng'ombe pamoja, na sijui masikio yake yanafikaje hadi kwangu, maana anakaa mwisho wa kijiji.

"Shemeji, nilikuwa napita," akasema.

"Unapita kwenda wapi? Nyuma ya nyumba yangu kuna shamba tu."

"Ndiyo nilikuwa naenda kulitazama shamba."

Daktari Arisara alikuja amevua viatu vizuri, akapiga magoti kusalimu, akakaa pembeni yangu. Nikamwonyesha kila kitu bila haraka. Samaki nikawakatakata hadi wakawa laini. Nikakamua ndimu, nyingi, zile kali za kwetu, nikachanganya kwa vidole. Nyama ikaacha kung'aa, ikawa nyeupe. Nikatia mchele uliokaangwa ukatwangwa, pilipili, vitunguu vidogo, nanaa, mchuzi wa samaki, na mwisho majimoto, wale siafu wekundu wa juu ya miti, pamoja na mayai yao. Harufu ilipanda hadi Khamsao akaanza kumeza mate kwa sauti. Hicho ndicho chakula chetu tunachokiita koi, na hakuna mtu wilayani anayekitengeneza kunishinda.

Daktari alikuwa anatazama jiko la mkaa. Juu yake kulikuwa na kikapu cha wali wa kunata tu.

"Mama, utampika saa ngapi?"

"Nani?"

"Samaki."

"Samaki si huyu hapa? Ameshaiva."

Khamsao akaangua kicheko. "Daktari anangoja samaki akaoge kwanza."

Lakini yeye hakucheka. Akaniuliza polepole, neno kwa neno, "Ameiva kwa nini, Mama?"

"Kwa ndimu. Huoni amekuwa mweupe? Mbichi ni yule anayeng'aa, unaona mpaka upande wa pili. Huyo ni wa paka. Huyu ameiva."

"Na watu wote hapa wanasema hivyo? Kwamba huyu ameiva?"

"Sasa waseme nini?" Khamsao akajibu. "Papai likilainika juu ya mti limeiva. Samaki akiwa mweupe ameiva. Au mjini mna neno lingine?"

Daktari Arisara aliweka mikono yote miwili kichwani. "Tumepita vijiji vingapi na swali hili," alisema, si kwetu, kwake mwenyewe. "Vijiji vingapi. Na kila mahali tukaandika kwamba watu wanaficha." Kisha akanigeukia. "Mama Nuankham, nakuomba radhi. Hamkudanganya. Ni sisi tuliouliza vibaya."

Nilikuwa nimeingoja hiyo radhi tangu jana, na ilipokuja haikuwa na ladha. Maana kichwa changu si chepesi lakini si jiwe pia, na nilikuwa nimeanza kuona inakoelekea.

Nikabisha. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nabisha. Nikamwambia ndimu inaua kila kitu, mwenye kidonda kidoleni akiigusa anaona nyota mchana. Nikamwambia majimoto wana ukali wa kutoboa chuma. Nikamwambia mama yangu alitengeneza hivi, na mama yake. Bunpheng naye alikuwa amefika, shuka yake ya miraba kiunoni na chupa ya pombe ya mchele kwapani, akaunga mkono kwa kichwa.

"Nimekula hiki kabla sijaota meno," akasema.

"Naomba kijiko kimoja tu," daktari akasema, "na mnipe muda niende hekaluni."

Akarudi na dereva wao amebeba hadubini. Wakaichomeka pale ninapochomeka feni. Khamsao alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye bakuli, nikampiga kwa mwiko. Daktari akabana kipande cha nyama kati ya vioo viwili, akainama, akasogeza kidogo, akatafuta, akabana kingine. Sisi watatu tumekaa tunamtazama mgongo. Nilikuwa naomba asione kitu. Niliomba kabisa, kwa maneno.

"Mama, njoo," akasema.

Niliangalia nikaona ukungu, kisha kope zangu mwenyewe, kisha nikaona. Kiduara chenye umbo la yai, na ndani yake kidudu kimejikunja, kina doa jeusi. Kikageuka. Kikatulia, kikageuka tena, kama mtoto mchanga anayetafuta upande wa kulalia.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko hai. Ganda lake linamlinda. Ndimu inabadilisha rangi ya nyama, haimfikii yeye. Kinachomfikia ni moto."

Bunpheng akanisogeza, akaweka jicho. Akakaa hapo muda. "Huyu kaoga ndimu," akasema mwishowe, "kapakwa pilipili, kang'atwa na majimoto, na bado anajinyoosha. Mtu wa namna hii ningemwajiri shambani." Khamsao akacheka, kisha naye akaangalia, akaacha kucheka.

Daktari Arisara akatueleza bila kututisha. Mnyoo yule akishaliwa anapanda hadi kwenye mirija ya nyongo, mle ndani ya ini, anakaa humo miaka. Anakwaruza, panapona, anakwaruza tena, panapona. Mwisho pale mahali panachoka kupona vizuri, na ndipo kansa inapoanzia. Si kwa kila mtu. Kwa wachache tu, lakini hakuna ajuaye ni nani, na ndiyo maana wanapiga picha.

"Si kuna kidonge?" Khamsao akauliza. "Mimi nakimeza kila mwaka, halafu naanza upya tumbo safi."

"Kidonge kinaua mnyoo, Baba. Makovu hakiyafuti. Ukianza upya, unaongeza kovu juu ya kovu."

Mimi nilikuwa nawaza Bunma. Bunma alikula kwenye mkeka huo huo. Ijumaa hii, Ijumaa ile, nasikia sauti yake: "Shemeji, leo umeitendea haki." Nikainuka, nikaenda nyuma kwenye mtungi wa maji, nikalia. Sikulia kimya. Mimi sijui kulia kimya.

Bakuli lile nilizika nyuma ya zizi. Khamsao alisimama akitazama kama anayeaga ndugu.

Ungedhani Bunpheng sasa angeenda kupimwa. Hapana. Jioni nilimkuta anawapa ng'ombe nyasi, nikamwambia kisingizio kimekwisha, kesho ndiyo siku ya mwisho ya mashine, halafu wanahamia kijiji kingine.

"Kuona mnyoo ni kuona mnyoo," akasema. "Kukatwa ni jambo lingine."

"Nani kasema kukatwa? Picha tu. Wanakupaka kitu tumboni wanatazama."

"Wanaanza kwa kutazama. Bunma walianza kwa kutazama."

"Bunma walimtazama ameshakuwa manjano. Wewe huna manjano."

"Basi si mgonjwa. Nyongo yangu nzima. Nyongo ya ng'ombe naitia hata kwenye nyama, kila wiki, wewe mwenyewe unanitilia."

Angekuwa anacheka ningegombana naye. Hakuwa anacheka, alikuwa ananipa mgongo. Nikaona kupiga kelele hakutasaidia, na mimi kitu kingine sikijui sana, kwa hiyo nilisimama hapo bila kusema kitu mpaka akageuka mwenyewe.

"Baba Duangta," nikasema. Namwita kwa jina la binti yetu, naye ananiita hivyo hivyo. "Nimekulisha kwa mikono hii tangu tuoane. Kama kuna kitu ndani yako, nimekiweka mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Kama hutaki kupimwa kwa ajili yako, pimwa kwa ajili yangu. Sitaweza kuwasha jiko bila kujua. Nitakuwa nakutazama kila ukiinuka. Nitakuwa natazama macho yako kila asubuhi kama yamebadilika rangi."

Akatupa nyasi zilizobaki, akajipangusa mikono kwenye shuka. "Ulikata wewe, nilitafuna mimi," akasema. "Mdomo si wangu? Na Bunma naye mdomo ulikuwa wake. Usijibebeshe." Kisha, kwa sauti ndogo, "Mama Duangta, naogopa."

"Mimi pia."

"Wewe unaogopa? Na kelele zote hizi?"

"Ndivyo ninavyoogopa."

Akakuna shingo, akatazama ng'ombe. "Basi nitafutie shati," akasema.

Asubuhi alioga, akavaa lile shati la harusi ya Duangta, akatembea hadi hekaluni huku akisalimia watu kana kwamba anakwenda kuposa. Akalala kwenye kitanda. Daktari Arisara alipompaka ule ute wa baridi akauliza kama wanataka kumkaanga. Wakataniana. Daktari akawa anapitisha kile kifaa tumboni, anamuuliza habari za mpunga, na Bunpheng anamweleza, na mimi nimesimama miguuni nimeshika viatu vyake.

Halafu daktari akaacha kuuliza habari za mpunga. Kifaa kikarudi pale kilipotoka. Kikaondoka, kikarudi tena. Nilijua hapo hapo, kabla hajasema neno, na viatu vikanidondoka.

"Kuna kitu," alisema. Hakuzungusha maneno, na kwa hilo namshukuru. "Ni kidogo, kama mbegu ya ukwaju, kwenye mrija wa upande wa kushoto. Lazima twende hospitali ya mjini tukaone vizuri. Lakini nataka mnisikie wote wawili. Hiki ndicho tunachokitafuta. Wengi wanakuja kimeshasambaa. Wewe, Baba, umekuja mapema."

"Nimekuja mapema?" Bunpheng akasema akitazama dari. "Nimekuja nimeburutwa."

Mjini wakathibitisha. Daktari wa upasuaji alisema kinakatika, na kwamba kisingekatwa sasa, baada ya mwaka hakungekuwa na la kukata. Bunpheng alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: kaka yake angekuja akiwa hivi, ingekuwaje? Yule bwana akafikiri, akasema angekuwa na nafasi nzuri. Bunpheng akainamisha kichwa. Nadhani pale ndipo alipokubali kukatwa, si kwangu.

Kabla hajaenda tulimfanyia shughuli ya kuziita roho zake, maana mtu akitishika roho zake hutawanyika na lazima ziitwe zikae mwilini. Mayai ya kuchemsha, wali, maua, nyuzi nyeupe. Kila jirani alikuja kumfunga uzi kwenye kifundo cha mkono. Khamsao akafunga wake kwa fundo kubwa la ng'ombe, akasema, "Roho ya Bunpheng, popote ulipo, rudi. Huyu ndiye mwenye wavu mzuri, na mimi wa kwangu umetoboka." Watu wakacheka wakilia.

Hospitalini muuguzi akataka kuzikata nyuzi zile zisiingie chumba cha upasuaji. Bunpheng akavuta mkono. Akasema shati wachukue, meno ya bandia wachukue, nyuzi hapana. Muuguzi akanuna. Daktari Arisara, ambaye hakuwa na kazi pale siku ile ila alikuja tu, akachukua bandeji akazifunika vizuri, kifundo kizima, akaandika juu yake kwa kalamu: isifunguliwe.

Tulikaa kwenye veranda mimi na Duangta, aliyekuja na basi kutoka kiwandani Rayong bila hata kubadili sare. Nisiseme urefu wa siku ile. Nilimtukana Bunpheng moyoni, nikamsifu, nikamtukana tena. Nilimwambia Bunma, popote alipo, asithubutu kumwita.

Daktari wa upasuaji alitoka amevua kofia. Akatwambia wametoa upande ule wa ini pamoja na ile mbegu, kingo zote safi, tezi za jirani safi. Duangta akauliza mtu anaishije na nusu ya ini. Akasema ini linakua tena, likipewa miezi. Hicho ndicho kiungo chenye huruma kuliko vyote, alisema, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Bunpheng alipopata nguvu ya kuongea, Daktari Arisara alimjia na ombi. Ile sehemu iliyokatwa, wangependa kuihifadhi chuo kikuu, waichunguze waone kansa ile inaanzaje, ili siku moja iweze kuonekana kwa tone la damu kabla hata ya picha. Akamwambia ana haki ya kukataa.

"Chuo kikuu?" Bunpheng akasema. "Mimi niliyeachia darasa la nne?" Akaweka saini akitabasamu. Tangu hapo akiulizwa kijijini husema amejiunga na chuo, ila anasoma kwa vipande.

Aliporudi nyumbani amekonda, kovu tumboni kama zipu, Daktari Arisara alikuja kukaa nasi mkekani tulirekebishe lile swali. Hilo ndilo jambo lililonifurahisha kuliko radhi. Akajaribu: "Je, unakula samaki aliyetiwa ndimu?" Khamsao akasema hata aliyechomwa anatiwa ndimu. Akajaribu: "Je, unakula koi?" Nikamwambia watu watasema ndiyo, maana wengine sasa wanaikaanga. Tukazunguka hivyo, huyu anasema hili, yule anaharibu, hadi Bunpheng, aliyekuwa amelala pembeni tukidhani amesinzia, akasema, "Ulizeni kama samaki amepita motoni. Moto hauna lugha mbili."

Nikavaa koti langu la kijivu, nikapita tena nyumba zile zile. "Je, umewahi kula samaki ambaye hajapita motoni?" Wakanicheka. "Mama Duangta, si umenipa wewe mwenyewe kwenye harusi ya binti yako?" Timu ya chuo kikuu ilirudi na mashine, na foleni ikatoka ukumbini ikazunguka mnara wa hekalu. Khamsao alikuwa wa kwanza, alikuja na mto wake wa kulalia. Walimkuta na minyoo basi, hakuna uvimbe. Huyo mwanaume mzima akakaa kwenye ngazi za hekalu akalia hadi akapata kwikwi. Wengine wawili walionekana na vidoa vya kufuatilia. Wanafuatiliwa. Swali letu sasa linaulizwa wilaya nzima, nimeliona limechapwa.

Koi nimeihamishia kwenye kikaango. Mara ya kwanza Bunpheng alitafuna akasema ni sawa na kula mkeka. Nikamwambia mkeka haujawahi kumuua mtu. Mara ya pili nikapunguza moto na kuzidisha ndimu baadaye, akanyamaza. Mara ya tatu Khamsao alitokea, anapita kwenda kutazama shamba.

Mwezi uliopita tulikwenda kupigwa picha ya mwaka. Nilisimama miguuni nimeshika viatu, vile vile. Daktari Arisara akapitisha kifaa, akauliza habari za mpunga, Bunpheng akajibu. Nikangoja anyamaze. Hakunyamaza. Akauliza habari za mpunga mpaka mwisho, akauliza hadi za ng'ombe, akapangusa ule ute. Akasema ini limejaa tena, na mirija ni safi.

Tulipofika nyumbani, Bunpheng alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikasikia mti unatikiswa. Akarudi na papai mikononi, ana jasho, amelibonyeza kwa kidole gumba kama mnunuzi.

"Mama Duangta," akasema, "hili limeiva?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, nimwambie akaliweke motoni. Nikashindwa.

"Hilo limeiva," nikasema. "Kula."

Akalikata akakaa kwenye ngazi akila, mbegu zinamdondokea kwenye shuka, nami nikakaa kando yake nikimsikiliza anavyotafuna.